Kama zilikuwa nzuri, mbona aliziacha?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Kwenye vitu vyake tumekuta kasha la CD tatu za Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani, The Bootleg Series Volumes 1–3, nyimbo 58 ambazo kava linasema ni adimu na hazikuwahi kutoka, za kuanzia 1961. Nimesikiliza diski ya kwanza yote. Karibu yote ni gita na harmonika tu, na sauti ya mtu kama ana mafua. Kama nyimbo hizi zilikuwa nzuri, mbona aliziacha? Na kama zilikuwa mbaya, mbona wakaziuza? Halafu kasha lenyewe lina thamani, au tuligawe tu?" (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Msiligawe. Na wewe usikate tamaa kwa diski moja, maana mtu yeyote akianza wimbo wa 1 akanyoosha mpaka wa 58 lazima achoke. Kasha hili halikutengenezwa kama albamu. Ni vipande vya kazi ya karibu miaka 30, na vingi kati ya hivyo vina ndugu yao ambaye dunia inamjua. Usipomjua huyo ndugu, yaani toleo lililotoka likajulikana, kipande unakisikia kama mazungumzo ya watu wawili ambapo mmoja yuko kwenye simu.

Nianze na jina, kwa sababu lina kisa. Bootleg ni magendo. Mwaka 1969 huko Los Angeles zilianza kuuzwa santuri mbili ndani ya kava jeupe lisilo na neno, watu wakaziita Great White Wonder. Hazikuwa na kampuni wala ruhusa. Waliozitengeneza walikusanya kanda za Dylan zilizokuwa zikizunguka mikononi mwa watu: nyingine zilirekodiwa Desemba 1961 nyumbani kwa rafiki mjini Minneapolis, Dylan akiwa na miaka 20, nyingine mwaka 1967 karibu na Woodstock, alipokuwa akipiga na wale waliokuja kuitwa The Band. Kuanzia hapo magendo ya Dylan hayakukoma. Wapenzi wake walibadilishana kopi za kanda kwa posta, kopi ya kopi ya kopi, mpaka sauti inabaki kama inatoka ndani ya mtungi. Mwaka 1985 Columbia, kampuni yake ya rekodi, wakatoa Biograph, mkusanyiko uliochanganya nyimbo maarufu na 18 ambazo hazikuwa zimetoka, ukaenda vizuri sokoni. Machi 1991 ndipo likaja hili la mjomba wako, na kampuni ikaamua kulipa jina lilelile la magendo. Wimbo wa kwanza kabisa humo, Hard Times in New York Town, umetoka kwenye kanda ya Minneapolis ya Desemba 1961. Kwa maneno mengine, wenye mali walianza kuuza pale walipoanzia wezi, ila safari hii sauti ilitoka kwenye kanda mama.

Sasa swali lako. Limebeba dhana kwamba mtu akishaurekodi wimbo, wimbo umekwisha, kilichobaki ni kuutoa au kuuficha. Dylan hakuwa hivyo. Sehemu kubwa ya humo aliiacha kwa sababu kwake ilikuwa haijaisha. Sisi tunasikia kibao. Yeye alisikia kitu kinachomdai bado. Kasha hili kwangu ni la thamani kwa sababu hiyo: unamkuta mtu katikati ya kuamua.

Fanya hivi leo jioni. Tafuta kwanza Like a Rolling Stone ile ya 1965 inayojulikana, uisikilize dakika zake sita zote. Halafu weka diski ya pili ya kasha, utafute wimbo wa jina hilohilo. Hauzidi hata dakika mbili. Ni tarehe 15 Juni 1965, Dylan amekaa kwenye piano, na mapigo ni moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, kama watu wanacheza wameshikana viuno kwenye ukumbi wa zamani. Maneno makali yaleyale, lakini hayamuumi mtu. Yanabembea. Bendi inamfuata kwa tahadhari, kama watu wanaovuka mto wasioujua kina chake, halafu wimbo unakatika. Kesho yake wakarudi studio, mapigo yakawa ya nne. Kijana mmoja, Al Kooper, aliyekuja na gita lake akitumaini kupewa nafasi, akajipenyeza kwenye ogani ambayo hata hakuizoea. Sikiliza toleo lililotoka: ogani inachelewa kidogo tu nyuma ya wenzake, kwa sababu Kooper alikuwa anasubiri asikie wanaelekea wapi ndipo abonyeze. Jaribio la nne la siku hiyo ndilo lililoingia kwenye santuri. Waliendelea kupiga mara nyingine nyingi baadaye, wasilifikie tena.

Ukishasikia hayo mawili, moja baada ya jingine, utaelewa kilichobadilika ndani ya saa 24. Hakuna mwalimu wa muziki atakayekueleza vizuri kuliko kile kipande kifupi kilichokatika.

Kwenye diski ya kwanza, ile iliyokuchosha, rudia wimbo mmoja tu: No More Auction Block, aliouimba Oktoba 1962 kwenye mkahawa wa Gaslight, mtaa wa Greenwich Village, New York. Si wake. Ni wimbo wa watu weusi wa Marekani waliotoka utumwani, anayeimba anasema hatapandishwa tena kwenye jukwaa la mnada. Sisi wa pwani, ambao soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuhitaji kufafanuliwa mnada huo ni nini. Sasa acha maneno, fuata sauti inavyopanda na kushuka, halafu uweke Blowin' in the Wind. Utashtuka. Dylan mwenyewe alikiri kwamba sauti ya Blowin' in the Wind ilitokana na wimbo huo wa watumwa. Wimbo uliokuja kuimbwa kwenye maandamano ya haki za weusi ulikuwa umebeba mgongoni sauti ya babu zao, na wengi waliouimba hawakujua. Ningependa kila anayeupenda wimbo ule ausikie huu kwanza.

Si kila wimbo uliachwa na yeye, lakini. Mingine iliondolewa na watu wenye tai. Talkin' John Birch Paranoid Blues unakikejeli chama cha siasa kali za mrengo wa kulia, chama kilichokuwa kinaona mkomunisti chini ya kila kitanda. Mei 1963 Dylan alipangwa kuuimba kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, kipindi ambacho Marekani nzima ilikitazama. Wanasheria wa CBS, kampuni iliyorusha kipindi hicho, wakaogopa kushtakiwa, wakamwambia achague wimbo mwingine. Akaondoka, hakuimba. CBS hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimiliki Columbia, na wimbo ukaondolewa pia kwenye albamu yake ya The Freewheelin' iliyotoka mwezi huohuo. Kulikuwa na nakala chache zilizokwisha kutengenezwa na nyimbo za mwanzo, zikaponyoka. Leo nakala moja ya santuri hiyo inauzwa kwa maelfu ya dola. Kwenye kasha unaupata jinsi alivyouimba Carnegie Hall tarehe 26 Oktoba 1963, na utasikia ukumbi unavyocheka. Miezi mitano tu baada ya kuzuiwa.

Nitakaa zaidi kwenye mwaka 1974, kwa sababu hapo ndipo kasha linaponiuma. Septemba ya mwaka ule Dylan aliingia studio New York kurekodi albamu ya Blood on the Tracks, ndoa yake ikiwa inayumba. Alirekodi haraka, gita, harmonika, na kwa sehemu kubwa mpiga besi mmoja, Tony Brown, aliyekuwa akitazama vidole vyake ili ajue nyimbo zinakwenda wapi. Albamu ikakamilika, nakala za majaribio zikatengenezwa, kava likachapwa. Desemba akaenda nyumbani Minnesota, akamsikilizisha mdogo wake, David. Wakaona kuna kitu hakijakaa sawa. Tarehe 27 na 30 Desemba wakaingia studio Minneapolis na wapigaji wa hapohapo mjini, wakazirekodi upya nyimbo 5. Albamu ilitoka Januari 1975. Wale wapigaji wa Minneapolis hawakutajwa, kwa kuwa kava lilikwisha kuchapwa. Majina yao yalikuja kuandikwa rasmi mwaka 2018, zaidi ya miaka 40 baadaye, watu wamezeeka. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu hata huku kwetu ni wapiga ngoma na wapiga besi wangapi tunawacheza harusini usiku kucha bila kuwajua majina?

Kwenye kasha lako yamo matoleo ya New York ya Tangled Up in Blue, Idiot Wind na If You See Her, Say Hello. Weka Idiot Wind ile ya albamu kwanza: ni mtu anayefoka, ogani inamchochea, kila kiitikio kinapanda juu ya kilichopita. Kisha weka ya New York. Maneno mengi ni yaleyale, lakini huyu hafoki. Amechoka. Anasema mambo mabaya kwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye ngazi za nyumba usiku, na matusi yanageuka majonzi bila kubadilisha lugha. Tumia spika za masikioni ukiweza: katika rekodi za siku zile za New York kuna mahali utasikia kitu kinagonga-gonga mbao za gita. Inasemekana ni vifungo vya koti lake na kucha zake. Prodyuza mwingine angemsimamisha, "Bwana, vua koti, turudie." Hawakumsimamisha, na mimi nashukuru, kwa sababu vile vifungo ndivyo vinavyonifanya niamini kwamba kulikuwa na mtu mle chumbani.

Ipi bora? Watu wamegombana kuhusu hilo tangu 1991. Mimi nachukua If You See Her ya New York na Tangled Up in Blue ya Minneapolis, na sioni aibu kugawa.

Halafu kuna wimbo ambao, ukiwauliza wapenzi wengi wa Dylan, ndio sababu ya kasha zima kuwepo: Blind Willie McTell, diski ya tatu. Mwaka 1983 Dylan alikuwa studio ya Power Station, New York, akirekodi albamu ya Infidels. Kama mjomba wako alipenda rege utawajua waliokuwa kwenye ngoma na besi: Sly Dunbar na Robbie Shakespeare kutoka Jamaika. Mark Knopfler wa bendi ya Dire Straits alikuwa prodyuza. Lakini kwenye toleo hili bendi yote imekaa pembeni. Ni Dylan kwenye piano na Knopfler na gita, basi. Piano inagongwa kwa mkono mzito, mguu unahesabu. Anapita juu ya nchi ya Kusini: mashamba ya utumwa yanaungua, mijeledi, meli za watumwa, mahema ya wahubiri, na kila ubeti unaishia kwa kukiri kwamba hakuna awezaye kuimba blues kama Blind Willie McTell. Huyo alikuwa mtu kweli, kipofu wa Georgia aliyepiga gita la nyuzi 12 mitaani na kwenye vituo vya reli, akafa 1959. Na mkazo ni huu: anayesema hakuna awezaye kuimba kama yule, anaimba vizuri hata nywele zinasimama.

Akauacha. Infidels ilitoka bila huo wimbo. Waliokuwepo studio hawakuelewa, na kopi za magendo zikaanza kuzunguka. Alipoulizwa baadaye alieleza kwamba kwake lilikuwa jaribio tu, hakuwahi kulikamilisha. The Band waliurekodi mwaka 1993 kwa mtindo wao, na Dylan alipowasikia akaanza naye kuuimba jukwaani, kuanzia 1997. Ilibidi asikie wimbo wake mwenyewe kwenye vinywa vya wengine ndipo aone kwamba umekwisha. Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo, kwa upande wake. Hakuwa anaficha dhahabu. Hakuiona.

Mwingine wa diski hiyo: Every Grain of Sand, jaribio la mwaka 1980, akiimba na mwanamama Jennifer Warnes. Toleo rasmi lilitoka mwaka uliofuata, limepigwa pasi vizuri. Hili la kasha halijapigwa pasi, na katikati mbwa anabweka. Ni wimbo wa mtu anayetubu, anaona mkono wa Mungu kwenye kila chembe ya mchanga, na nje mbwa anaendelea na shughuli zake. Nimeusikiliza miaka mingi. Siku hizi mbwa asipobweka naona kuna kitu kimepungua.

Zipo za kupita, na uzipite. Talkin' Hava Negeilah Blues ni mzaha wa chini ya dakika moja. Baadhi ya zile za 1961 na 1962 ni kijana anayejifunza kwa kuiga wakubwa wake. She's Your Lover Now ya Januari 1966, kinyume chake, usiikose, hata kama inakatika ikifika ubeti wa mwisho. Utajikuta umebaki na mguu hewani.

Ngoja nikwambie kwa nini mambo haya ya majaribio na vipande vilivyokatika yananigusa kiasi hiki. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye maktaba ya kanda ya kituo kimoja cha redio. Kanda mpya za utepe zilikuwa ghali na hazipatikani. Ikija bendi kurekodi, wanapiga wimbo mara tatu, nne. Fundi anachagua moja, nyingine zinafutwa ili utepe utumike tena. Mara nyingine hata ile iliyochaguliwa ilifutwa baada ya miaka. Nimeshika mikononi kasha la kadibodi lenye jina la bendi na tarehe kwa wino wa bluu, ndani yake utepe una taarifa ya bei za mazao. Wapigaji wale wengine wamekufa. Hatutasikia kamwe jaribio la pili walilopiga, ambalo huenda ndilo lililokuwa na kile kitu. Ndiyo maana nikiona kampuni imetunza hata dakika moja na nusu ya wimbo uliokatika, simcheki anayeinunua.

Ila pia si kila kasha la "ambazo hazijatoka" linatoka kwa mapenzi. Sheria ya Ulaya iliyobadilishwa mwaka 2011 inalinda rekodi kwa miaka 70, lakini rekodi iliyokaa miaka 50 bila kutolewa inapoteza ulinzi. Kwa hiyo mwisho wa 2012 kampuni ilitoa Ulaya mkusanyiko wa diski nne za Dylan wa 1962, nakala karibu 100 tu, kwa shughuli ya kuokoa hakimiliki. Hiyo ni kazi ya wanasheria. Mwaka 2015 likaja kasha la diski 18, likiwa na kila kilichorekodiwa studio mwaka 1965 na 1966, nakala 5,000. Hilo ni la watafiti na wenye uwezo. La mjomba wako liko tofauti: mtu alikaa na kanda nyingi akachagua 58. Uchaguzi ule ulifanywa kwa sikio.

Kwa pesa, nisikudanganye: halina bei kubwa. Lilitengenezwa kwa wingi na bado linapatikana. Ukiona mtu mtandaoni anataka mamilioni, mpite. Linalolipa uzito ni kijitabu kilichomo. Maelezo yake yaliandikwa na John Bauldie, Mwingereza aliyekuwa akihariri jarida la wapenzi wa Dylan, na ni ya mtu aliyeishi na nyimbo hizo. Kama nyumbani kuna shabiki wa Chelsea, mwambie jukwaa la Matthew Harding pale Stamford Bridge limeitwa hivyo kwa heshima ya kiongozi wa klabu aliyekufa kwa ajali ya helikopta Oktoba 1996 akitoka kuangalia mechi Bolton. Bauldie alikuwa naye humo.

Kuhusu kulitunza, hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, kwa hiyo usiliache kwenye kabati la ukutani. Toa zile diski, zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe. Watu wengi huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, lakini upande wenye maandishi ndio dhaifu zaidi, kwa kuwa utando unaoakisi mwanga uko chini tu ya ile rangi. Usiandike juu yake wala kubandika kitu. Kabla ya yote, mtafute mtu mwenye kompyuta yenye sehemu ya CD azihamishe kwa mfumo wa FLAC, usiopunguza sauti, si MP3, ili usipoteze vifungo vya koti. Kijitabu kitenganishe kurasa polepole kama zimeshikana. Kikiwa na ukungu kianike kivulini, si juani.

Na unapokifungua, kipitie ukurasa kwa ukurasa. Wengi wa rika la mjomba wako tulikuwa na tabia ya kuweka alama ndogo ya kalamu pembeni ya wimbo tulioupenda. Kama kuna aliouwekea, anza na huo, kabla ya hii yote niliyokuandikia.